Anayepanga choo cha wageni amfikirie mzee kwanza

Kuna ada iliyokwisha kuota mizizi miongoni mwetu tulio na nyumba mijini. Mtu akipata fedha kidogo, jambo la kwanza alifanyalo ni kuirembesha sebule. Hununua makochi mapya, hubadilisha mapazia na kupaka kuta rangi. Fedha zikibaki, ndipo anapokumbuka kwamba wageni wake hulazimika kupanda ngazi na kupita mbele ya vyumba vya kulala ili kufika chooni. Hapo huitwa fundi, akaonyeshwa stoo iliyo chini ya ngazi, akaambiwa, "Tutilie choo hapo." Baada ya wiki mbili choo kipo, kina vigae vinavyong'aa na kioo chenye fremu ya rangi ya dhahabu. Baada ya miezi miwili kinanuka, mlango wake unagonga magoti ya aliyeketi, na nyanya aliyekuja kutoka mashambani hawezi kuinuka bila ya kumwita mtu.

Mambo haya si ya bahati mbaya. Ni matokeo ya kupanga kinyumenyume, yaani kuanza na vigae na kumalizia na bomba, kuanza na macho ya mgeni apitaye na kumsahau mtu atakayekitumia chumba hicho kila siku. Hoja ninayotaka kuitetea leo ni hii: chumba kidogo cha choo na beseni kinapaswa kupangwa kuanzia chini, kwenye mkondo wa majitaka, na kuanzia kwa mtu dhaifu kuliko wote nyumbani. Urembo uje mwisho. Na kwa kuwa kazi yangu ni lugha, mpenzi msomaji atanisamehe nikianza na maneno.

Wenzetu wa Marekani wana namna yao ya kukitaja chumba hiki. Wao huyahesabu mabafu kwa vipande. Katika matangazo yao ya nyumba, utasoma kwamba nyumba fulani ina mabafu mawili na nusu. Bafu kamili kwao ni chumba chenye choo, beseni la kunawia na mahali pa kuogea. Chumba chenye choo na beseni pekee ni nusu. Mtu akiitafsiri istilahi hiyo neno kwa neno, akamwambia jirani yake kwamba amejenga "nusu bafu", jirani atadhani kuwa saruji ilimwishia kazini.

Kiswahili hakivihesabu vyumba kwa vipande. Huvitaja kwa kazi yake. Bafuni watu huoga, na chooni huenda haja. Neno choo lina maana mbili, mahali na kile kinachoachwa pale, na kwa sababu hiyo waungwana hulikwepa kwa tafsida. Husema msalani au maliwatoni, au husema tu kwamba fulani amekwenda kujisaidia. Ajabu ni kwamba neno msala hilohilo katika kamusi zetu lina maana ya mkeka wa kuswalia pia. Nawakumbusha wanafunzi, kwa kuwa nafasi imejitokeza, kwamba choo ni la ngeli ya KI-VI. Tunasema choo hiki na vyoo hivi. "Choo hii", inayosikika kila mahali hadi katika ofisi za wakubwa, si sanifu.

Chumba tunachokizungumzia wengi wetu hukiita choo cha wageni. Jina hilo linafaa kwa mazungumzo, lakini linapotosha mipango. Ukisema "cha wageni", akili yako humwendea mtu aliyevaa nadhifu, mwenye afya, atakayekaa mle dakika tatu na kuondoka. Tazama basi ni nani hasa akitumiaye chumba hicho mwaka mzima. Ni mtoto aliyetoka kucheza uani, ni mama mjamzito asiyependa kupanda ngazi mara nane kwa siku, ni mzee mwenye magoti yanayouma, ni yaya na mpishi. Mgeni huja Jumapili. Jina limemtanguliza wa mwisho, na ramani ikalifuata jina.

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki walilifahamu suala hili zamani sana. Neno sebule, ambalo leo ni chumba cha mazungumzo, katika nyumba za mawe za Lamu hutamkwa sabule. Hicho kilikuwa chumba cha wageni wanaume, karibu na ua wa mbele, na aghalabu kilikuwa na choo chake. Mfanyabiashara aliyeletwa na pepo za kaskazi angeweza kukaa humo kwa muda bila ya kuingia sehemu ya ndani waliko wanawake na watoto. Kwa hiyo wazo la mgeni kuwa na choo chake karibu na mahali pa kupokelewa halikuletwa na wajenzi wa mitaa mipya ya Nairobi. Ni fikra ya Waswahili wenyewe, na ilijengwa juu ya msingi wa faragha: ya mgeni na ya mwenyeji kwa pamoja.

Chooni mwa nyumba hizo mlikuwa na birika la kujengwa kwa mawe na chokaa, na maji yalichotwa kwa kata. Ndani ya birika walifugwa samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Katika sakafu ya birika palizamishwa bakuli la kaure, ili maji yanapokauka samaki wapate mahali pa kukimbilia. Huo ni ufundi wa watu waliofikiri hadi mwisho. Hata huko Gedi, karibu na Malindi, ambako mtaalamu James Kirkman alianza kufukua magofu mwaka 1948, nyumba za mji ule uliohamwa mwanzoni mwa karne ya 17 zilikuwa na vyoo na mahali pa kuoshea. UNESCO iliuweka Mji Mkongwe wa Lamu katika orodha ya turathi za ulimwengu mwaka 2001, na Gedi mwaka 2024. Wanafunzi wanaozuru maeneo hayo huonyeshwa msikiti, kasri na makaburi. Walimu wawaonyeshe na vyoo, kwani humo ndimo inamoonekana jinsi watu walivyostahiana.

Sasa tuingie katika mipango yenyewe. Chukua nyumba ya ghorofa ya aina ipatikanayo kwa wingi katika mitaa ya jiji la Nairobi iliyojengwa tangu miaka ya 1970: sebule na jikoni chini, vyumba vya kulala na bafu juu, na chini ya ngazi stoo ya kuwekea mafagio na viatu vya zamani. Mwenye nyumba anataka stoo hiyo iwe choo chenye beseni. Aanzie wapi?

Kwanza, aanze nje ya nyumba. Achukue utepe wa kupimia, atafute shimo la ukaguzi ambamo majitaka ya nyumba hukusanyika, na apime umbali kutoka hapo hadi mahali anapotaka bakuli la choo liwe. Bomba la choo huwa na kipenyo cha milimita 100, yaani takriban inchi 4, na kanuni inayofuatwa sana ni kwamba literemke kwa sentimita moja katika kila sentimita 40. Huo ni mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita. Ikiwa umbali ni mita 6, basi bomba halina budi kushuka sentimita 15 kutoka mwanzo hadi mwisho. Je, shimo la nje lina kina cha kutosha kuupokea mteremko huo? Kama halina, hakuna vigae vitakavyokiponya choo hicho. Itabidi choo kihamishiwe mahali pengine, au sakafu yake iinuliwe, na sakafu ikiinuliwa mzee atajikwaa. Yote hayo ni heri yajulikane kwenye karatasi kabla ya nyundo ya kwanza kugonga ukuta. Mahali ambapo hakuna bomba la mji na majitaka huingia katika tangi lililochimbwa uani, mtu aulize pia kama tangi hilo linatosha kuongezewa mzigo.

Pili, aulize kuhusu harufu. Walio wengi hudhani kuwa harufu huondolewa kwa dawa na manukato. La hasha. Harufu huzuiwa na maji. Mwaka 1775 fundi wa saa aitwaye Alexander Cumming, Mskoti aliyekuwa akifanya kazi London, alipewa hataza ya choo ambacho bomba lake lilipindwa mfano wa herufi S, ili maji kidogo yabaki katika pindo hilo kila mara na kuizuia hewa chafu isirudi chumbani. Vyoo vyote vya kuvuta tunavyovitumia leo vinategemea wazo hilo, na beseni nalo lina pindo lake chini. Maji hayo yakiondoka, kizuizi hakipo tena. Huondoka kwa njia mbili. Ya kwanza ni kukauka, pale choo kinapokaa majuma mengi bila kutumiwa, jambo linalokipata choo kilichotengwa kwa ajili ya wageni pekee. Ya pili ni kunyonywa, pale maji mengi yanapopita bombani kwa kasi na hakuna hewa ya kuingia nyuma yake. Ndiyo maana bomba la majitaka huwekewa bomba la hewa linalopanda hadi juu ya paa. Fundi anayekuambia kwamba bomba la hewa ni gharama isiyo na maana anakuuzia uvundo.

Tatu, vipimo vya chumba. Hapa ndipo penye makosa mengi, kwa sababu stoo ikiwa tupu huonekana kubwa. Bakuli la choo pamoja na tangi lake la nyuma huchukua takriban sentimita 70 kutoka ukutani. Mbele yake panahitajika sentimita 60 hivi za kusimamia na kugeukia. Kutoka katikati ya bakuli hadi ukuta wa kila upande zisipungue sentimita 40. Ongeza nafasi ya beseni dogo na ya mlango, nawe utaona kuwa chumba cha sentimita 90 kwa sentimita 150 ndicho kidogo kabisa kinachoweza kutumiwa bila adha. Kwa mtu anayetembea kwa kiti cha magurudumu, kipimo hicho hakitoshi hata kidogo. Yeye huhitaji duara la mita 1.5 ili ageuke, na mlango ulio wazi kwa sentimita 80 au zaidi. Tena chini ya ngazi dari huteremka. Bakuli huweza kuwekwa upande wa chini, maadamu mtu anayeinuka hagongi kichwa, na penye kusimama pawe upande wa juu. Njia rahisi ya kuhakikisha ni kuchora chumba kizima sakafuni kwa chaki, kuweka kiti mahali pa bakuli, kisha kumwomba mtu mrefu kuliko wote nyumbani aketi na kuinuka.

Nne, na hili ndilo kiini cha makala haya, mzee. Mtu mwenye magoti dhaifu hutaka mambo machache ambayo hayagharimu mengi yakipangwa mapema. Hutaka kiti cha choo kilichoinuka, cha sentimita 45 hadi 48 badala ya 40. Hutaka chuma cha kushikia kilichofungwa ukutani yapata sentimita 70 kutoka sakafuni, na misumari yake iingie katika jiwe lenyewe, kwani chuma kilichoshikwa na kigae tu kitang'oka siku kitakapohitajiwa. Hutaka sakafu isiyoteleza. Vigae vile vinavyong'aa kama kioo, ambavyo wauzaji husifu sana, ni mtego kwa mguu wenye maji. Hutaka swichi ya taa iliyo karibu na mlango, isiyompapasisha gizani. Zaidi ya yote hutaka mlango unaofungukia nje. Mlango unaofungukia ndani hula nafasi ya chumba, na mtu akizimia na kuanguka nyuma yake, mwili wake wenyewe huuzuia usifunguke, na wanaokuja kumwokoa hubaki nje wakisukuma. Hapana sababu ya kuingia hatari hiyo ilhali tofauti ni upande wa bawaba tu. Penye ujia mwembamba ambapo mlango ungewagonga wapitao, mlango wa kuteleza ukutani utafaa.

Huenda msomaji akasema: "Nyumbani kwangu hakuna mzee." Atakuja. Akiwa si mama yako aliyeletwa mjini kutibiwa, utakuwa wewe. Na mambo yote yanayomfaa mzee humfaa mtoto, mjamzito na aliyevunjika mguu, wala hayamdhuru mwenye nguvu. Kinyume chake si kweli. Choo kilichopangwa kwa ajili ya kijana shupavu humfaa yeye peke yake, na kwa muda tu.

Tano, maji. Nairobi hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka Bwawa la Ndakaini katika Kaunti ya Murang'a, na wakazi wake wanaufahamu vizuri mgao wa maji. Walimu wa hisabati wanaweza kulitumia suala hili darasani. Tuseme familia huvuta choo mara 10 kwa siku. Tangi la zamani humwaga lita 9 kila mara, sawa na lita 90 kwa siku. Tangi la kisasa lenye vitufe viwili humwaga lita 3 kwa haja ndogo na lita 6 kwa haja kubwa. Ikiwa mara 8 ni haja ndogo na mara 2 ni haja kubwa, jumla ni lita 24 na lita 12, yaani lita 36. Familia imeokoa lita 54 kwa siku, au lita 1,620 kwa mwezi wa siku 30. Hayo ni madebe 81 ya lita 20. Anayenunua maji kwa mkokoteni hahitaji kuelezwa zaidi. Lakini tahadhari ni kwamba tangi la maji machache liende na bakuli lililoundwa kwa maji machache. Kutia tofali ndani ya tangi la zamani ili kupunguza maji humfanya mtu avute mara mbili, na akiba ikapotea.

Isitoshe, tangi huvuja kimyakimya. Tia rangi ya chakula katika tangi, ungoje nusu saa bila kuvuta. Rangi ikionekana katika bakuli, mpira wa chini umelika na maji yanakwenda usiku kucha. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na lipangiwe pia suala la maji ya kutawadhia, kwani Waislamu na wengine wengi hujitakasa kwa maji. Pawe na bomba fupi la mkono, au angalau mfereji karibu na bakuli ambapo buli litajazwa. Nyumba ya Mwislamu ina jambo moja zaidi la kuamuliwa kwenye ramani: anayeketi asielekee kibla wala kukipa mgongo. Kutoka Kenya, Makka iko upande wa kaskazini, kwa hiyo bakuli lielekezwe mashariki au magharibi. Likishawekewa saruji, kuligeuza ni gharama ya pili.

Mambo hayo matano yakishatatuliwa, hewa na mwanga havina fumbo. Chumba chenye ukuta wa nje kiwe na dirisha la juu linalofunguka. Kisicho na dirisha kiwekewe feni ya kutolea hewa, na hewa hiyo itolewe nje kabisa ya nyumba, isimwagwe katika dari au sebuleni. Rangi na kioo kila mtu achague apendavyo.

Narudi sasa katika lugha, kwani miradi mingi huharibika kinywani kabla ya kuharibika mikononi. Sikiliza mwenye nyumba akimwagiza fundi: "Weka sinki hapo kando, mlango hapa, halafu umalizie vizuri." Kando ya nini, na kwa umbali gani? Vizuri ni vipi? Hata neno sinki lenyewe lina utata, maana kuna wanaolitumia kwa beseni la kunawia na kuna wanaolitumia kwa bakuli la choo. Fundi amesikia, amekubali, na ameelewa jambo jingine. Siku ya kulipana ndipo ugomvi unapozuka, kila mmoja akiapa kwamba mwenzake ni mwongo. Aghalabu hakuna aliyedanganya. Maneno yalikuwa mapana kuliko kazi.

Dawa yake ni maandishi. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga. Mwenye nyumba aketi na fundi waandike kwa Kiswahili chepesi, katika ukurasa mmoja: "Kitovu cha bakuli la choo kiwe sentimita 45 kutoka ukuta wa kushoto. Sehemu ya juu ya beseni iwe sentimita 80 kutoka sakafuni. Mlango ufungukie nje. Koki ya kufungia maji iwe ndani ya chumba, mahali panapofikika. Mabomba yajazwe maji na kukaguliwa mbele ya mwenye nyumba kabla ya kufunikwa kwa saruji na vigae." Sharti hili la mwisho ni la thamani kubwa. Bomba linalovuja likiwa wazi hurekebishwa kwa dakika chache. Likishafunikwa, kulifikia ni kuvunja ulichokilipia. Kabla ya kufunika, mabomba yapigwe picha, na picha ihifadhiwe pamoja na ramani, ili atakayetoboa ukuta baadaye ajue asitoboe wapi.

Ukurasa huo humlinda fundi pia. Mafundi wetu wengi ni watu wa ujuzi na uaminifu, na hulaumiwa kwa makosa ambayo mwenye nyumba aliyaagiza mwenyewe kwa mdomo na kuyasahau. Tena humkumbusha kila mmoja kuwa ipo sheria. Chini ya sheria ya mwaka 2019 ya upangaji na matumizi ya ardhi, serikali za kaunti ndizo zinazoidhinisha ujenzi. Anayetaka kubomoa ukuta unaobeba ghorofa au kuunganisha bomba jipya na la mji aulize kwanza katika ofisi ya kaunti na kwa kampuni ya maji ya eneo lake. Ngazi ni sehemu ya mifupa ya nyumba. Usiiguse bila ushauri wa mhandisi.

Najua watakaodai kwamba haya ni mazungumzo ya walio nacho, katika nchi ambamo wengi bado wanagawana choo cha shimo kimoja na majirani. Hoja hiyo ni nzito na haipaswi kupuuzwa. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao yanayofaa na ya viwango vya kuridhisha vya usafi, na Kifungu cha 57 kinataja haki ya wazee kuishi kwa hadhi na heshima. Haki hizo hazijamfikia kila Mkenya. Lakini maswali yaliyoulizwa hapa hayahitaji vigae. Je, maji machafu yanakwenda wapi? Ni nani dhaifu kuliko wote atakayetumia mahali hapa? Atashika nini akitaka kuinuka? Mlango unafungukia wapi? Atanawa kwa maji gani? Choo cha shimo chenye mti imara wa kushikia, mlango unaofungwa kwa komeo na mtungi wa maji penye kutokea kimepangwa vizuri zaidi kuliko kile cha chini ya ngazi chenye kioo cha fremu ya dhahabu.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, hebu lifanyeni suala hili kuwa zoezi. Mwanafunzi apewe utepe wa kupimia na karatasi, aende akapime choo cha nyumbani au cha shule, akichore kwa vipimo halisi, kisha aandike kwa Kiswahili sanifu barua ya maagizo kwa fundi, akieleza nini kibadilishwe ili nyanya yake aweze kukitumia bila msaada. Katika zoezi hilo moja atakuwa ametumia hisabati, sayansi, uraia na insha ya kiuamilifu. Atakuwa pia amejifunza neno bawaba, neno pindo na neno mteremko, ambayo hayamo katika mazungumzo yake ya kila siku, na amejua kwamba mtu asiye na jina la kitu hawezi kukiagiza.

Nanyi mlio na nyumba, mkitaka kujua kama ramani yenu inafaa, msimwonyeshe mgeni. Mwiteni mzee aliye karibu nanyi, mkalisheni juu ya kiti ndani ya mistari ya chaki, mkamwombe ainuke. Akiinuka peke yake, muiteni fundi aanze kazi. Akikwama, futeni chaki mchore upya.